Naomba Amani Yako, Mama Saumu

Mpendwa dada yangu Mama Saumu,

Jumamosi iliyopita nilisimamishwa mbele ya hema zima la watu, kipande cha keki kikiwa mdomoni, nikapigiwa makofi. Nusu ya makofi yale yalikuwa yako, nami nilikupokelea kwa mikono miwili. Ile nusu nyingine ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Ilikuwa harusi ya Njeri. Ndiyo, Njeri wetu, yule msichana wa nyumba ya tatu kule Aziziya, Jeddah, aliyekuja mlango wa nyuma na mfuko wa takataka mkononi. Ameolewa Nakuru, na mwanamume mfupi mwenye kicheko cha kujaza ukumbi, na mkia wa gauni lake ulibebwa na watoto wanne waliokuwa wakigombana njia nzima. Alichukua maikrofoni akawaambia watu kwamba huko Saudia, siku ambayo hakuwa na pa kwenda, wafanyakazi wawili wa jikoni walimpa amani, mmoja Mwislamu wa Msambweni, mmoja Mkristo wa Vihiga. Akasema wa Msambweni hajui alipo, namba yake haipatikani. "Lakini huyu mwingine mnamwona pale kwa meza ya keki!" Mama mmoja akanipigia vigelegele sikio hili la kushoto, na mpaka leo linalia.

Sikuweza kumeza ile keki, dada. Siku ile ya Njeri nilifanya jambo usilolijua. Nimekuficha muda wote huu, na nikikwambia huenda usitake tena kuniita mdogo wako. Namba yako hata mimi nimeipiga nikachoka. Ndiyo maana naandika barua ya wazi, mtu yeyote anayekujua akusomee. Nakuandikia nikicheka na nikiogopa, yote mawili kwa pamoja.

Nianze na kikaango, maana hata wewe ungeanzia hapo.

Nilikuwa na siku nne katika nyumba ile na wewe ulikuwa na miaka miwili. Jikoni palikuwa pako. Viungo vilikuwa vyako, na kile kikaango cha chuma cha Bibi, mama yake Baba mwenye nyumba, kilikuwa chini ya ulinzi wako. Sasa, kwetu Vihiga msichana hupimwa kwa sufuria zake. Mama yangu alizisugua kwa jivu na mchanga, akazianika juani, na mgeni akipita njiani alilazimika kufumba jicho moja. Nikakiona kikaango kile kimeshika weusi wa miaka na miaka, nikakuonea huruma. Nikasema moyoni, maskini, huyu mama wa Pwani mikono yake haina nguvu. Ulipokwenda kumwogesha Bibi nikakiwekea goti. Nilitumia waya wa kusugulia, chumvi, na nyimbo tatu za kanisani. Uliporudi ulinikuta nimekiinua juu kama nahodha aliyeshinda kombe.

Hukupiga kelele. Ulikaa polepole juu ya gunia la mchele.

"Rispa, kikaango hiki kimekula mafuta miaka mingapi, wajua?"

"Si ndio nimekiosha!"

Kesho yake chapati ziliganda, mkate wa kumimina ukatoka kwa vipande, na Bibi, aliyekibeba kikaango kile kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa bi harusi, akauliza kwa upole kama jikoni kuna aliyefiwa. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Ulificha mwiko wangu wa ugali. Mimi nikahamishia iliki yako nyuma ya mitungi ya maji. Ukaanza kuongea na friji: "Friji, mwambie mwenzio chumvi imezidi." Nami nikajibu kupitia jiko la gesi: "Jiko, mwambie huyo mama mdomo wake ndio umezidi." Miezi miwili hatukusemezana ila kwa kupitia vyombo vya umeme na gesi. Madam, mke wa Baba, ambaye Kiswahili hakijui, alidhani ni desturi yetu ya Kenya kuvisalimia vyombo, akawasimulia shoga zake.

Na katika vita hivyo hivyo ndipo nilipoanza kukupenda, ingawa wakati ule ningemeza ule waya wa kusugulia kabla sijakiri. Kila siku baada ya Alasiri Bibi aliletwa jikoni na kiti chake, tamthilia yake ya Kituruki ikiwa imekwisha, kipande cha halua alichokatazwa na daktari kikiwa kimejificha kwenye mkono wa nguo. "Haya, nipe habari za wakubwa," akikwambia. Nawe ulichagua mchele ukisimulia maisha ya Mtume na masahaba zake, kama baba yako alivyowasomesha watoto wa chuo cha Kurani kule Msambweni. Hukushika kitabu. Ulisimulia kama jirani anayesimulia mambo ya mtaa wa pili. Kila jina la Mtume likitajwa Bibi alimsalia, nawe ukangoja amalize. Hata mimi, kwenye pasi yangu chumba cha pili, nikajizoeza kungoja.

Nilitegemea kusikia panga. Panga zilikuwepo, lakini wewe ulipenda zaidi yale yaliyosemwa kabla panga hazijatoka. Nakumbuka siku ya khalifa wa kwanza akiliaga jeshi lake. Ulisema kamanda alikuwa juu ya mnyama wake na khalifa akitembea kando yake, akimwekea masharti. Wasiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee. Wasikate mti wa matunda. Mnyama asichinjwe ila wa kuliwa. Wasivunje ahadi. Na watakaowakuta wamejitenga katika nyumba zao za ibada, wawaache na ibada yao.

"Khalifa mzima kwa miguu?" Bibi aliuliza, kama alivyouliza kila mara.

"Kwa miguu, Bibi. Na mdogo wake wa cheo amepanda."

Pasi yangu iliunguza kanzu ya Baba kidogo siku ile, kwenye pindo. Nilikuwa nimesahau kama nina pasi mkononi.

Kesho yake ukaumwaga uji wangu. Uji wa wimbi, dada! Unga ule ulikuwa umevuka mipaka kwenye sanduku la mtu. Nilitoka chumba cha pasi, nikaruka friji na jiko, nikakuambia uso kwa uso.

"Mama Saumu, huo uji ni mti wa matunda."

Ukageuka na sufuria mkononi.

"Khalifa amesema usikatwe. Halafu tena, hapa mimi ndio mtawa. Mkristo, nimekaa peke yangu kwa hiyo chumba, naimba tenzi zangu. Amesema niwachwe. Ama hukusikia vile ulikuwa unasema?"

Bibi alicheka mpaka akashika meno yake ya bandia kwa vidole viwili. "Kakuweza! Wallahi kakuweza huyu!"

"Mtawa gani ana domo hili?" ukasema, ukajifunika leso usoni, na mabega yako yakawa yanaruka. Ndiyo mara ya kwanza nilikuona ukicheka, na nilitamani uendelee.

Wiki ile ile Bibi akaamuru mkataba. Ulikuwa umetusimulia Hudaibiya, jinsi Mtume na watu wake walivyokwenda kuizuru Nyumba Tukufu bila nia ya vita wakazuiwa njiani, naye akakubali suluhu ya masharti ambayo wenzake yaliwakaba kooni. Mjumbe wa Makka akakataa karatasi imwite Mtume wa Mungu, naye akaridhia cheo kifutwe, likabaki jina lake na la babake. Basi tukapewa na sisi karatasi, mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita, na Bibi akawa shahidi wa kidole gumba.

Wewe ndiye uliyeandika. Nikasema andika "Rispa, mpishi". Ukaiweka kalamu chini.

"Mpishi wa jiko hili ni mmoja. Andikwa Rispa, yatosha."

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Halafu ile hadithi ikanijia, nikasema, "Sawa, futa." Ukalikata neno "mpishi" kwa mstari mnene, kwa raha kabisa. Sharti la kwanza likawa kikaango kisiguswe na waya. La pili, uji wa mtu ni haramu kumwagwa. La tatu nililidai mimi, kwa sababu nilikuogopa: neno la jikoni halipandi ngazi. Yaani tunayoyaona na kuyasikia jikoni, hakuna wa kuyapeleka juu kwa madam. Tukaibandika karatasi kwenye friji, yule mpatanishi wetu wa zamani.

Saa moja baadaye ulikuwa unakata vitunguu, kisu kikasimama.

"Ngoja kwanza. Aliyekataa cheo kisiandikwe alikuwa mjumbe wa Makureshi wa Makka."

"Eeh," nikasema.

"Na aliyeridhia kifutwe..."

"Eeh, Mama Saumu."

"Ya Rabbi! Mimi ndiye niliyekuwa Kureshi, jikoni kwangu mwenyewe!"

Tulicheka mpaka madam akashuka kuona nini kimevunjika. Nikiwa na huzuni yoyote hapa nyumbani nalikumbuka neno hilo tu, na huzuni inaondoka bila kuaga.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ilikuwa Alasiri tu, jua kali, Bibi bado yuko kwenye tamthilia. Njeri aliingia kwa mlango wa nyuma na ule mfuko wa takataka, kwa sababu ndiyo ruhusa pekee aliyokuwa nayo ya kutoka nje. Mkataba wake ulikuwa umekwisha mwaka mzima, na kafili wake, mwajiri mwenye kibali chake, alikuwa akimwambia mwezi ujao, mwezi ujao. Mama yake alikuwa mgonjwa Nakuru. Aliweka mfuko chini akasema, "Mimi huko sirudi. Nimefika mwisho." Halafu akakaa juu ya gunia lako la mchele.

Wewe ulifuta mikono kwenye leso. Hukuniangalia mimi wala hukuangalia juu. Ukamwambia, "Nimekupa amani. Kaa, unywe chai." Ulisema kama mwenye nyumba. Mfanyakazi wa ndani, pasi yako ya kusafiria imefungiwa kabatini kwa watu, nawe unagawa amani!

Mimi nikasema naenda kuanua nguo.

Sikwenda kuanua nguo, dada. Nilipanda ngazi. Nilibisha kwa madam nikamwambia kwa Kiarabu changu kilichovunjika kwamba jikoni kuna msichana aliyetoroka nyumba ya tatu, na kwamba ni wewe uliyemwingiza, mimi simo. Hayo ndiyo niliyoyafanya. Wewe siku zote umeamini madam alisikia sauti akashuka mwenyewe. Hakusikia chochote, niliipeleka habari kwa miguu yangu.

Niliogopa. Tulikuwa tumesikia ya wanaoficha watoro, na ikama yangu, kibali cha kuishi kule, ilikuwa na miezi minane tu. Lakini sitaki kujipamba, woga ulikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kikaango. Kuna sehemu yangu iliyotaka kukuona mara moja tu umeshindwa. Nikiwa kwenye ngazi nilimkumbuka yule mtu wa minyororo katika hadithi yako, aliyewakimbilia Waislamu siku ile ile ya Hudaibiya, akarudishwa kwa watu wake akilia kwa sababu ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Nikajiambia, hata wao walirudisha. Sikutaka kukumbuka kwamba walirudisha ili wasivunje ahadi, na mimi nilikuwa navunja yangu kwa kila kipandio.

Unakumbuka yaliyofuata kuliko mimi, lakini niache niyasimulie, kwa sababu ni matamu. Madam alishuka, Baba akaitwa kutoka sebule ya wageni. Wewe ulisimama mbele ya Njeri na mwiko mkononi. Mwiko wangu wa ugali! Ndipo nilipojua ulikuwa umeuficha wapi.

"Baba, nimempa amani," ukasema.

"Umempa wewe? Katika nyumba ya nani?"

Hapo tukasikia fimbo ya Bibi kwenye sakafu. Alikuwa ameiacha tamthilia mahali ambapo mume anakaribia kufumaniwa, nasi sote tulijua uzito wa jambo hilo.

"Mwanangu," akamwambia Baba, "vitabu vyote vile umevipanga ukutani, hebu nambie. Siku Makka ilipofunguliwa, binamu yake Mtume, bibi mmoja, aliwaficha nyumbani kwake mashemeji zake wawili. Nduguye wa damu akaja na upanga kuwaua. Alifanya nini yule bibi?"

Baba akajikuna ndevu. "Aliwafungia ndani akaenda kwa Mtume."

"Akaambiwa nini?"

"Mama, hiyo ilikuwa vita..."

"Akaambiwa nini, nakuuliza mie?"

"Akaambiwa waliopewa amani naye wamepewa na wote."

"Na wa chini kabisa katika Waislamu akitoa amani?"

Bibi akamjibia mwenyewe. "Huwafunga wote. Haya, humu ndani wa chini ni nani? Si huyu aliyeshika mwiko? Basi kesha kukufunga weye, kanifunga na mie. Nenda kavae kilemba chako ukaseme na jirani."

Madam alikuwa hajaelewa Kiswahili hata neno, lakini alimtazama Njeri juu ya gunia, akamtazama mama mkwe wake, akasema, "Halas," yaani yamekwisha. Akaenda mwenyewe kuchukua kikombe cha tano. Baba alirudi kabla ya Magharibi. Alisema jirani aliona haya zaidi kuliko alivyokasirika. Wiki tatu baadaye Njeri akaondoka na karatasi zake za kurudi nyumbani, akiwa amenenepa kwa mkate wako wa kumimina.

Jioni ile, wewe ukiosha vikombe, uliniambia maneno mawili: "Umesimama nami." Nilikuwa nimesimama, ndiyo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya madam. Niliitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo ukawa dada yangu wa kweli, ukanipa hata nusu ya rafu ya viungo. Urafiki wetu wote mzuri umekaa juu ya kile kichwa nilichokitikisa.

Nilijaribu kukwambia mara moja, Riyadh. Dada yake Baba alikuwa amejifungua mapacha, tukapelekwa sote, mimi na wewe kiti cha nyuma na bisi za Bibi, tukiimba mpaka Baba akasema yalla, nyamazeni walau kilomita kumi. Wiki nzima tuliwasukuma wale watoto baada ya Alasiri kwenye maduka ya Sulimaniya, tukichagua majumba tutakayojenga kwetu kwa kuangalia mapazia ya dirishani. Siku ya mwisho ulitokea duka la vyombo na kitu kizito kwenye karatasi. Kilikuwa kikaango cha chuma, kipya.

"Chako. Kilishe mwenyewe mafuta, na waya usikisogeze."

Nikafungua mdomo nikwambie yote, pale pale, pacha mmoja akilia. Ukaniwahi. "Watu wa ahadi ni wachache, Rispa. Wewe nimekuona." Nikaufunga mdomo. Kesho yake ukabaki Riyadh kulea mapacha, mimi nikarudi Jeddah, na hatujaonana tena.

Kikaango kiko hapa. Kimekuwa cheusi kweli kweli, chapati zinateleza zenyewe. Binti yangu Sharon alipofunga shule alikikuta mezani, akaenda kuchota jivu. Nilipiga ukelele majirani wakaja na rungu. Walipouliza nini, nikasema ni sharti la kwanza la mkataba, wakaondoka wakitikisa vichwa. Mama yangu mzazi anasema Saudia ilinirudisha mchafu. Nina furaha, Mama Saumu. Nimekuwa mwanamke anayecheka peke yake jikoni, na karibu kila mara ni wewe uliyenichekesha. Ndiyo sababu siwezi tena kuendelea na sifa ya uongo. Nataka kukupenda nikiwa mtu unayemjua.

Bibi alinipa ile karatasi ya kalenda nilipoondoka. Jana niliitandika mezani, na chini ya sharti la tatu nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Rispa amelivunja, kwa woga na kwa kikaango." Nimeweka sahihi. Chini yake nimeacha nafasi tupu.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba vitani msaliti hana kisingizio, sitakutafutia kimoja. Ukitaka vita, vianze upya, na safari hii sitajiita mtawa; mwaga uji wote. Lakini ulitufundisha pia kwamba amani anaweza kuitoa yeyote, na anaweza kuiomba hata aliyekuwa upande wa pili. Mimi nimekuja mlango wa nyuma, dada. Nimekaa juu ya gunia lako la mchele, nangoja ufute mikono.

Nakuaga kwa sasa. Msalimie Saumu, umwambie mamake aliwahi kuwa Kureshi siku moja.

Ni mimi, mdogo wako wa jikoni,
Rispa.
Jina tupu, kama ulivyoandika.